Mashangazi Katikati ya Daraja

Washarika, kaeni vizuri, leo nina harusi ya kuwapeleka. Pilau hakuna, lakini mtashiba.

Alikuwapo baba mmoja wa huku kwetu milimani, nyumba yake iko ng'ambo ya mfereji mpana wenye kina. Binti yake akachumbiwa na injinia. Baba akamwambia, "Kijana, daraja langu limeoza. Nijengee jipya kabla ya harusi. Likimwangusha hata shangazi mmoja siku hiyo, binti sikupi." Na hakuwa anatania, maana mashangazi wa ukoo ule si watu wa kuangushwa ovyo.

Kijana akalaza boriti mbili kutoka ukingo huu hadi ule, akapigilia mbao juu. Baba akaja kukagua.

"Mbona nyembamba hivi?"

"Zinatosha, Baba. Nimepiga hesabu ya watu wakipita wametawanyika. Boriti haiulizi uzito peke yake, inauliza pia uzito umekaa wapi. Watu walewale wakijazana katikati, nguvu ya kuikunja inakuwa mara mbili."

Baba akacheka. "Nani asimame katikati ya daraja? Daraja ni la kupita!"

Wakakubaliana, msomi na mzee, na wote wawili wamehudhuria harusi tangu wakibebwa mgongoni! Ninyi mnaotabasamu huko nyuma mmeshajua, eeh?

Siku ikafika. Upande wa bwana harusi wakaja na ngoma na tarumbeta. Sasa niambieni, shangazi gani anaacha wageni waingie hivihivi? Njia lazima izibwe mpaka wageni watoe kitenge. Na kwenye nyumba ile njia ni moja tu. Mashangazi wakajipanga katikati ya daraja, mikono kiunoni. Wageni wakapanda kuwakabili. Vigelegele! Watu wanarukaruka, kila mmoja anataka kuwa palepale penye utamu.

Boriti moja ikalia, kra! Tarumbeta ikaimeza sauti.

Kijana, aliyekuwa bado ukingoni, aliisikia. Akamvuta mshenga wake shati. "Waambie warudi nyuma, upesi!"

"Nyamaza wewe! Bwana harusi hasemi siku hii, anasemewa. Ukifungua mdomo watatuongezea faini."

Afanyeje? Aropoke, aharibu shughuli? Anyamaze, watu waumie na mke amkose? Akateremka mferejini na suti yake, maji kiunoni, akaitazama boriti kwa chini. Ufa ulikuwa umeshaanza. Unajua, boriti ikipinda, upande wa juu unabanwa na upande wa chini unavutwa, basi inachanika kuanzia chini. Wanaocheza juu hawaoni kitu. Kijana akalivuta gogo lililosalia siku ya ujenzi, akalikita juu ya jiwe, akalisukuma kwa bega mpaka likaishika ile boriti barabara. Halafu akapaza sauti.

"Mashangazi! Nipigeni faini mnayotaka, lakini rudini nyuma, nusu huku, nusu kule!"

Mkubwa wao akainama ampe maneno yake, akauona ufa. "Mama yangu! Rudini, rudini jamani!" Wakatawanyika, na daraja likatulia.

Baba akachungulia, akamwona kijana ana matope hadi kwenye tai.

"Mkwe, unafanya nini huko?"

"Nawashikilia dada zako, Baba."

Mzee alicheka mpaka akaegemea mti. "Mpandisheni! Mpeni mke wake kabla hajashikwa na homa."

Mnacheka. Chekeni, ni haki yenu. Lakini sisi je? Kila ukoo, kila usharika, una boriti yake. Ada ya mtoto, huyo. Msiba, huyo. Mgonjwa wa kupelekwa hospitali, huyohuyo. Mzigo wetu si mkubwa, tungetawanyika ungebebeka vizuri tu. Ila sisi tunasimama wote palepale katikati yake, tunacheza, tunasema, "Huyu ni imara, hajawahi kulalamika." Tunamsifu kwa juu. Nani kati yetu ameshuka akamtazama kwa chini?

Hebu niulize. Mama Aikande yuko wapi?

Geukeni, mtafuteni. Hayupo kwenye benchi lake. Jumapili iliyopita hakuwapo pia, na hakuna aliyeuliza, maana chai ilikuwa tayari. Yuko jikoni nyuma ya kanisa, anatuchemshia, peke yake, na magoti yake yale mabovu. Mahubiri haya hajasikia hata neno moja. Inaniuma, washarika, na iwaume na ninyi.

Basi leo baraka sitaitoa hapa. Nitaitolea jikoni, nikiwa na kikombe mkononi na kitambaa begani, na yeye akiwa amekaa kwenye kiti. Anayeitaka anifuate. Ila jamani, wengine wateke maji, wengine wakapange viti nje. Msije mkajazana wote mlangoni.