Ufa Chini ya Mpira

Hebu chukueni nyumba sita, wapendwa, nyumba sita kandokando ya njia moja, na zote zina baiskeli moja tu. Kina mama wa nyumba zile waliinunua kwa kuchangizana baada ya mavuno mawili ya karanga, kisha wakaiwekea utaratibu: kila nyumba inakaa nayo wiki moja. Jumapili jioni aliyekuwa nayo anaiosha, anapaka cheni mafuta, anaikabidhi kwa mwenye zamu inayofuata, na wote wanakuja kushuhudia. Sheria zilikuwa mbili. Usipakie mizigo miwili kwa mpigo. Na ikivunjika mikononi mwako kwa uzembe, zamu yako imekwisha, urudi kubeba kichwani.

Katika nyumba ya sita aliishi mwanamke mmoja mgeni, mume wake yuko machimboni, mtoto wa miezi saba yuko mgongoni. Wakati wenzake wanachanga, yeye alikuwa hata hajahamia. Walimwingiza hivihivi, kwa huruma. Aliyemtetea zaidi ni mama wa nyumba ya kwanza. Mama huyo ndiye aliyemletea uji wa ulezi mwezi mzima alipojifungua, na alikuwa hakai kumwangalia akinywa. Anaweka chungu mlangoni, anapiga hodi mara moja, anajiondokea, ili mwenzake asione haya kulishwa. Ndivyo walivyoishi nyumba zile sita. Mtu akiwa na aibu yake, wenzake wanageuza shingo, wanatazama pembeni.

Sasa siku ya Alhamisi, katika wiki yake, yule mgeni alikuwa na mahindi ya kupeleka mashineni. Mtoto alikuwa na joto, na kwenda mara mbili na mtoto mgonjwa hakutaka. Akapakia viroba viwili kwenye keria. Viwili, wapendwa. Alipovuka mtaro karibu na mashine, baiskeli ilishuka kwa kishindo, akasikia mlio mdogo chini ya usukani. Ka! Kama kijiti kikavu. Alisaga, akarudi, akaitua mizigo. Alipoosha baiskeli jioni, kucha yake ikanasa kwenye kitu.

Ilikuwa pale bomba la juu la fremu linapoingia kwenye shingo. Alisugua kwa dodoki akidhani ni uchafu. Uchafu haukutoka. Ulikuwa ufa, mwembamba kama mstari wa kalamu ya mwanafunzi, umezunguka bomba karibu nusu. Akashika usukani kwa mkono mmoja na kiti kwa mkono wa pili, akasukuma kidogo. Ufa ukafunguka, ukajifumba.

Akauachia usukani. Maana alijua zamu inayofuata ni ya nani. Ni ya mama wa nyumba ya kwanza, yule wa uji, mwenye mimba ya miezi tisa. Wote walishakubaliana kwamba uchungu ukimshika mumewe atampakia kwenye baiskeli ampeleke zahanati, na njia ya zahanati ina mteremko mrefu wa mawe. Fremu ikikatika pale, anayeendesha atatangulia na usukani mkononi, na aliyepakiwa ataangukia tumbo.

Wewe ungefanyaje? Usinijibu haraka. Fundi wa kuchomelea alikuwepo, palepale mashineni, kazi ya nusu saa. Lakini mashineni ndiko kina mama wote wanakopanga foleni na ndoo zao. Na mke wa fundi ni wa nyumba ya tatu. Ukimpelekea fundi ufa saa nne, saa tano unasimuliwa kila jiko. Mgeni yule alijiona amesimama mbele ya wenzake akisema, ni mimi, nilipakia viroba viwili, mimi ambaye hata sikuchanga. Akashindwa.

Ijumaa akachukua tyubu kuukuu, akaikata vipande virefu vyembamba, akaizungushia fremu kuanzia shingoni mpaka kwenye kiti, akaikaza kwa nyuzi nyekundu za kiroba. Kule kwao baiskeli nyingi huvishwa mpira namna hiyo kwa urembo, kwa hiyo hakuna ambaye angeshangaa. Jumapili jioni akaikabidhi.

"Heee, mama Nkwimba!" akasema mke wa fundi. "Umeivalisha soksi?"

"Nimeona inachubuka rangi, dada."

"Tangu tuinunue haijawahi kupendeza hivi. Mnaona, wenzangu? Mgeni anatufundisha usafi. Wewe wa nyumba ya tano, wiki yako uliirudisha na tope hadi kwenye kengele!"

Wakacheka. Mgeni naye akacheka. Mama wa nyumba ya kwanza aliipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto, akasema, "Ahsante, mama Nkwimba. Umehangaika sana." Mumewe akapitisha kidole gumba juu ya mpira, taratibu, toka kitini mpaka shingoni. Kisha akaikokota kwenda nyumbani.

Jumatatu ikapita. Mgeni alikuwa akipepeta mchele na kumwaga. Kila mlio wa kengele njiani unamsimamisha. Mtoto alishapona joto, lakini mama mtu hakulala mchana wala kula usiku, na maziwa yakaanza kumpungua. Aliwaza, labda mpira utashika. Kisha anawaza, mpira gani unaoshika chuma? Jumanne hakuweza tena, akaenda hadi nyumba ya kwanza, amejiapiza kusema.

Alimkuta jirani yake ameketi kwenye mkeka, anachambua mboga. Baiskeli imeegemezwa ukutani nyuma yake.

"Karibu, mama Nkwimba. Mbona umesimama kama uliyetumwa ukasahau ulichotumwa?"

"Nimekuja kukujulia hali tu, mama Limi."

"Hali ndiyo hii, tumbo linatangulia, mimi nafuata." Akamsogezea mkeka. "Kaa. Sema lolote ulilonalo."

Mgeni akakaa. Akaangalia baiskeli, akaangalia tumbo, akaangalia vidole vyake mwenyewe. Jirani akaacha kuchambua mboga, akamtazama usoni, akangoja. Alingoja muda mrefu kabisa.

"Hamna, dada," mgeni akasema. "Nilikuwa na hamu ya kukuona."

"Haya," yule mwenzake akasema polepole, akarudia mboga zake. "Basi kunywa chai."

Akanywa chai. Akarudi nyumbani. Wapendwa, hakuna chai chungu kama ile.

Jumatano, jua limechomoza tu, anafagia uwanja, akasikia kengele. Kutazama, ni mume wa nyumba ya kwanza anaikokota baiskeli, na mkewe amekaa upande juu ya keria, khanga imekunjwa chini yake, uso umemkakamaa kwa uchungu.

"Imefika saa, jirani!" yule mama akaita. "Niombee!"

Mgeni akafungua kinywa. Ulimi ulikuwa pale, maneno yalikuwa pale. "Nendeni salama," akasema. Hayo tu. Wakapita, wakazunguka kona ya shamba la mtama, wakapotea.

Akasimama na fagio mkononi. Akahesabu moyoni: sasa wako kwenye mwembe uliokatwa. Sasa wanaukaribia mteremko. Sasa mwanamume anapanda kiti. Hapo fagio likamtoka. Akambana mtoto mgongoni akakimbia, miguu mitupu, anapiga kelele, "Shukeni! Shukeni jamani! Msipande!" Kwenye kona hakuwaona. Akateremka mawe yale, anajikwaa, macho yanatafuta damu, yanatafuta khanga barabarani, yanatafuta gurudumu linalozunguka peke yake.

Aliwakuta katikati ya mteremko, na wote wawili walikuwa kwa miguu.

Mume anasukuma baiskeli. Mke anatembea pembeni, ameinama, mikono yote miwili ameegemea keria, kila hatua tatu anasimama na kuguna. Mwendo wa saa moja na nusu mpaka zahanati, anautembea na uchungu wake.

"Mama Limi! Mbona unatembea? Mbona hukupanda?"

Yule mwanamke hakuinua kichwa. Mumewe ndiye aliyejibu, bila kumtazama. "Shemeji, tumeuona ufa."

"Lini?"

"Jumapili ileile. Nilipobonyeza mpira, chuma kilicheza chini yake."

"Na hamkusema?"

"Tungesemaje?" Mama Limi akavuta pumzi. "Wewe ni mgeni, una mtoto mdogo, mumeo yuko mbali. Tungekutoa kwenye zamu? Tukasema tusimwaibishe. Atasema mwenyewe. Jana nilikungoja, mama Nkwimba. Nilikungoja kweli."

"Si mngeipeleka kwa fundi!"

"Fundi angeuliza ilikuwa kwa nani."

"Basi mngeiacha nyumbani! Mngeazima ya muuza maziwa!"

"Muuza maziwa angeuliza yetu ina nini. Na ungeona tumeiacha ungejua kwamba tumejua." Uchungu ukamkamata, akang'ang'ania keria mpaka ukapita. "Nilipanda hapo mbele ya nyumba yako tu. Ulipokuwa unatuona. Tulipozunguka kona nikashuka."

Mnanisikia? Mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa alipandishwa juu ya baiskeli mbovu ili jirani yake asione aibu.

Hawakupata muda wa kusema zaidi. Mama Limi akapiga magoti. "Anakuja," akasema. "Anakuja sasa hivi." Mumewe akaitazama baiskeli, akaitupa majanini, akakimbia kwa miguu kumwita muuguzi. Mgeni akatandika khanga juu ya changarawe, akamlaza mwanawe kwenye majani, akashika mabega ya mwenzake. Hakuwahi kumzalisha mtu. Alifanya alivyokumbuka kufanyiwa. Mtoto akatoka, wa kike, mzito, mwenye rangi ya kibuluu.

Hakulia.

Alimfuta mdomo. Hakulia. Alimsugua mgongo kwa pindo la khanga. Hakulia. Mama yake aliyelala pale hakuuliza neno, na mgeni hakusema neno, na mwanawe mwenyewe kwenye majani akanyamaza akiwatazama. Mgeni yule amewahi kusema baadaye kwamba hajui walikaa vile kwa muda gani. Alichojua ni kwamba angetoa kila alichonacho duniani apate sauti. Sauti yoyote.

Akamgeuza kifudifudi kwenye kiganja, akamsugua tena kwa nguvu, akilia na kusema kwa sauti kubwa pale barabarani: "Ni mimi! Nilipakia viroba viwili! Ni mimi niliyeivunja, ni mimi niliyeifunga mpira! Lia, mwanangu, lia! Ni mimi!"

Mtoto akakohoa. Kisha akalia kidogo, kama mlango usiotiwa mafuta. Kisha akalia sana.

Muuguzi alipofika akitweta alikuta wanawake wawili wamekumbatiana chini, mtoto katikati. Akamchukua, akamsikiliza kifuani, akamfunika. "Ataishi," akasema. "Lakini amechoka sana huyu. Amechelewa. Kwa nini mmechelewa, na baiskeli mnayo?"

Mama Limi ndiye aliyesema, "Tulikuwa tunastahiana."

Sasa niambieni, wapendwa: mtu mbaya katika habari hii ni yupi? Mtafuteni. Mimi nimemtafuta sijampata. Yule mgeni alikuwa mwoga, lakini aliwapenda. Mama Limi alimpenda. Mumewe alikuwa mpole. Hakuna aliyemchukia mwenzake pale, hakuna hata aliyemteta. Walipendana wote, na katika kupendana kwao huko mtoto mchanga nusura azikwe.

Tumezoea kusikia kwamba anayeficha kosa ndiye mwenye dhambi. Ni kweli, na mwenye kosa lake alitubie. Leo nataka nizungumze na yule wa pili, aliyeuona ufa akatazama pembeni. Ni sisi huyo. Sisi tunaojisifu kwa kusitiriana. Tunaona jirani amekonda, tunasema asione haya, tusimuulize. Tunaona dada mwenye alama shingoni, tunamwambia kitambaa chako kizuri. Tunajua kijana wetu haendi shule, tunamwachia mama yake heshima yake. Tunaweka mioyo yetu upande wa upole, na tunadhani Mungu anafurahi. Je, huko ni kumsitiri mtu, au ni kumwacha atembee mwenyewe kwenye mawe?

Mama Limi alingoja aambiwe. Mgeni alingoja aulizwe. Katikati yao palikuwa na mkeka na vikombe viwili vya chai, na swali moja dogo lingetosha: "Mwenzangu, hii fremu imepata nini? Twende kwa fundi wote wawili, tuseme ni yetu." Tuseme ni yetu! Aibu ikibebwa na watu wawili mpaka mashineni, na watu wazima wanacheka, inaisha kabla unga haujapoa. Ikibebwa na mmoja mmoja, kila mtu nyumbani kwake, inamngoja mtoto ambaye hata hajazaliwa.

Na wewe unayeficha, usidhani hawajui. Wanajua. Wamekwisha kupitisha kidole. Wanakungoja kwa huruma, nao wanaumia kama unavyoumia, na muda unakwenda.

Kuna mtu umemkumbuka tangu nilipoanza kusema. Usinitajie jina lake. Umemkumbuka kwa sababu ulimficha kitu, au kwa sababu ulimwona akificha ukapita. Ibada ikiisha usianze na salamu za mlangoni, wala usiende kupika kwanza. Nenda kwake. Kama ni kosa lako, anza na neno "ni mimi." Kama ni lake, kaa kwenye mkeka wake na umuulize, na akikuambia hamna, muulize tena.