Mshale wa Kijani wa Bwawa la Lihuta

Kama kazini kwenu kuna mtu ambaye akikohoa tu kwenye korido watu wote wananyamaza, isome hadithi hii mpaka mwisho, halafu mpelekee mwenzako. Ukiwa na ujasiri, mpelekee na yeye mwenyewe.

Palikuwa na bwawa kubwa lililoitwa Lihuta. Chini yake palikuwa na bonde la mpunga. Bwawa likijaa sana, malango yake hufunguka na maji hushuka bondeni kwa kishindo. Ndiyo maana paliwekwa king'ora cha kuwaonya watu, na king'ora hicho kilipigwa kwa amri ya mtu mmoja tu, Mkurugenzi Kihwele.

Kihwele alikuwa haambiliki. Alishamfukuza kazi mchoraji mmoja, Mbwilo, mbele ya watu wote, kwa kumletea alichokiita "michoro ya chekechea". Aliyechukua nafasi ya Mbwilo alikuwa dada mmoja mpole aitwaye Sikitu. Kila alipoitwa na mkurugenzi, alifuta kwanza viganja kwenye sketi, maana vililowa jasho kabla hata hajagonga mlango.

Jumatatu moja akaitwa.

"Nimechoka kupigiwa simu kutwa nzima," alisema Kihwele. "Mara maji yamefika hapa, mara mvua imenyesha kule. Nataka dashibodi. Nikiinua macho, niione hali ya bwawa pale ukutani. Tafuta programu ya kuchorea, uniletee rasimu Jumatano. Nikiridhika ndipo mafundi waanze kuijenga."

"Sawa, Mkurugenzi."

"Na usiniletee takataka."

Sikitu alirudi mezani kwake, akajaribu programu mbili. Ya kwanza ilichora visanduku vya mistari iliyopindapinda kama ya mkono, visivyo na rangi, na mahali pa namba iliandika neno moja tu: BADO. Ya pili ilikuwa inang'aa. Ilikuwa na duara kubwa lenye mshale. Mshale ukikaa pazuri, duara zima linakuwa kijani. Ukipita themanini kati ya mia, linawaka jekundu.

Tulizo, mwenzake wa meza ya jirani, alichungulia.

"Chukua hiyo mbaya," alisema. "Rasimu ionekane ni rasimu. Mtu akiitazama ajue hapa bado hakijajengwa kitu."

"Kwani wewe hukuwepo siku ya Mbwilo?"

Tulizo akarudi kwenye kazi yake. Alikuwepo.

Basi Sikitu akachagua ile inayong'aa. Lakini programu hiyo haikukubali mshale usio na namba. Aweke ngapi? Jumanne mchana akaandika tisini. Duara likawaka jekundu, naye akashtuka kana kwamba Kihwele amesimama nyuma yake. Nani angethubutu kumpelekea bosi yule rangi nyekundu? Akafuta haraka, akaandika sitini na moja. Kijani. Namba hiyo hakuipima popote wala hakumuuliza mtu. Ilimtuliza moyo tu.

Jumatano Kihwele akaitazama kwenye skrini kubwa ya ofisini kwake. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, Sikitu akamwona anatabasamu.

"Kumbe umeshaimaliza kabisa!" alisema Kihwele. "Waambie mafundi wasihangaike. Iache hapo hapo ukutani. Na karani aambiwe kwamba sitaki tena simu za kutoka bwawani."

Sikitu alitaka kusema kwamba ile ni picha tu, na kwamba namba yenyewe ni ya kutunga. Lakini bosi alikuwa ametabasamu jamani, na hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kulifuta tabasamu lile. Akasema, "Asante, Mkurugenzi," akatoka.

Mvua ikaanza kunyesha milimani. Ikanyesha siku mbili bila kukatika.

Ijumaa mchana Sikitu alikuwa ofisini kwa Kihwele akichukua faili, akaingia mama mmoja, kanga yake imelowa mabegani. Alikuwa Mama Semkiwa, mwenyekiti wa kijiji cha bondeni.

"Mkurugenzi, mpunga umeiva, watu wako juu wanasubiri na miundu mikononi," alisema. "Ila mvua hii inatutia hofu. Tushuke au tusishuke?"

Kihwele aliutazama mshale. Aliutazama kwa muda, akakunja uso kidogo.

"Sitini na moja," alisema. "Kijani. Shukeni mkavune."

"Hata watoto? Wamekuja kusaidia."

"Wote."

Mama Semkiwa akapiga simu pale pale: "Shukeni. Mkurugenzi mwenyewe amesema hakuna hatari."

Sikitu akatoka kwenye korido, akampigia Mzee Ngimba, msoma kipimo wa kule bwawani.

"Shikamoo, mzee. Maji yamefika ngapi?"

"Marahaba. Tisini na nne, binti yangu, na yanapanda. Tangu jana napiga simu, karani ananiambia mkurugenzi hapokei. Yakifika tisini na sita malango yanafunguka yenyewe, hayamsubiri mtu. Tuna saa moja, labda pungufu. Mbona king'ora sikisikii?"

Sikitu akabaki amesimama, simu mkononi. Niseme ukweli, alifikiria kunyamaza. Akajiambia labda mvua itakatika, labda mzee amesoma vibaya, labda atatokea mtu mwingine wa kusema. Hofu ya bosi alikuwa ameizoea mwaka mzima, lakini hii ya sasa ilikuwa nyingine kabisa. Aliwaona watoto wale wameinama kwenye mpunga, migongo yao wameielekeza bwawani.

Akafungua mlango bila kugonga.

"Mkurugenzi, hiyo ni picha."

"Unasemaje?"

"Hiyo sitini na moja niliitunga mimi, Jumanne, mezani kwangu. Haijaunganishwa na bwawa. Maji yamefika tisini na nne."

Mama Semkiwa alishika kifua. Kihwele alimtazama Sikitu, akautazama ukuta. Kisha akanyoosha mkono akabonyeza kitufe cha king'ora kilichokuwa mezani pake.

Kililia bonde zima. Mama Semkiwa alikuwa akipiga kelele kwenye simu, "Pandeni! Acheni mpunga, pandeni!" Zilipita dakika arobaini, malango yakafunguka. Maji yalibeba miganda ya mpunga, mikeka na baiskeli mbili. Wa mwisho kupanda alikuwa bibi mmoja aliyebebwa mgongoni na mjukuu wake, na maji yalikuwa yameshamlowesha mjukuu huyo magoti. Bondeni hakubaki mtu.

Jumatatu Sikitu akaitwa. Kikombe chake na mwavuli wake alikuwa ameshavitia kwenye mkoba, asije akavirudia mbele ya watu. Akafuta viganja kwenye sketi, akagonga.

Skrini ilikuwa imezimwa. Kihwele alikuwa amekaa ameielekea.

"Kaa," alisema. "Kwa nini hukuniambia Jumatano?"

"Nilikuogopa, Mkurugenzi."

"Ijumaa asubuhi niliona kwamba mshale haujasogea hata kidogo," alisema Kihwele. "Mvua siku mbili, na mshale uko pale pale. Nilijua kuna kitu hakiko sawa. Yule mama aliponiuliza, nilijua. Unafahamu kwa nini sikukuita nikuulize?"

Sikitu akatikisa kichwa.

"Niliogopa. Nilidhani nyote mnajua kuisoma dashibodi ile, na mimi peke yangu sijui. Nikaona mtanicheka."

Sikitu hakuamini masikio yake. Mwaka mzima alikuwa akimtolea jasho mtu ambaye naye alikuwa akitoka jasho.

"Tulizo ananiambia kulikuwa na rasimu nyingine, mbaya," alisema Kihwele. "Ipo?"

"Ipo, Mkurugenzi."

"Iweke."

Ukutani vikatokea visanduku vya mistari iliyopindapinda, havina rangi hata moja. Mahali pa kina cha maji paliandikwa BADO.

Kihwele alikitazama kisanduku kile kitupu. Kisha akavuta simu iliyokuwa mezani, akapiga namba ya bwawani.

"Mzee Ngimba, shikamoo," alisema. "Maji yamefika ngapi leo?"

Funzo: Kazi ambayo haijakamilika iache ionekane haijakamilika, na wewe unayeogopwa na wote, ujue utaonyeshwa rangi ya kijani mpaka maji yakufikie mlangoni.