Jani Lililoelea

Mwiba ni kitu kidogo. Ukikuchoma shambani unaweza kuung'oa kwa kucha na kuendelea kulima. Lakini ukiuacha humo kwa sababu ni mdogo, ukasema nitautoa kesho, nyama inauzunguka, usaha unajijenga, na mguu unavimba mpaka hauingii tena katika kiatu cha mtu yeyote. Wahenga waliliona jambo hilo wakasema: mdharau mwiba, mguu huota tende. Consolate wa Kalemie, mji wa ukingoni mwa ziwa, aliijua methali hiyo tangu shule ya msingi. Aliijua kama tunavyojua sala, na kuijua sala si kusali.

Consolate alikuwa mtu wa kaskazini ya ziwa, pande za Baraka, binti wa wavuvi walioshuka na mitumbwi yao kufuata samaki. Aliolewa na Ignace, mtu wa Kabalo, aliyekuwa akipakia mawe ya chokaa kule Kabimba. Walijaliwa mtoto mmoja tu, Annie, msichana mwembamba mwenye maswali mengi kuliko nywele. Kisha homa ikamchukua Ignace kabla mvua hazijakatika, na nyumba ikanyamaza kama chungu kilichofunikwa.

Katika ukoo wa Ignace, mtoto ni wa baba. Hippolyte, mdogo wa marehemu, hakuficha neno tangu siku ya mazishi. "Shemeji," alisema, "kilio kikiisha, Annie anakwenda Kabalo. Kule njo kwao, ndiko kwao hasa." Lakini neno la mwisho halikuwa lake. Lilikuwa la mama yao, Mama Alphonsine, kikongwe mwenye sauti ndogo ambaye wanawe wote walimwogopa kama radi. Desturi ya ukoo ule ilikuwa hivi: siku ya kuondoa kilio, mjane anapika kwa mkono wake mwenyewe, mama wa marehemu anaonja wa kwanza, kisha yeye ndiye anayetamka mtoto atakaa na nani. Kule kuonja ni kusema mbele za watu kwamba mikono ya mjane ni safi.

Kabla ya kurudi Kabalo baada ya mazishi, Mama Alphonsine alimvuta mkwe wake pembeni ya nyumba.

"Mama Annie, mwanangu alikuwa anasifu sana ile mboga yako ya bokali, ile chachu. Kila akija nyumbani anasema, mama, wewe bado hujakula kitu. Siku ile unipikie hiyo."

"Nitakupikia, Mama."

"Na mutoto usimukondeshe na machozi. Mutoto anajifunza kulia kwa mama yake." Akaongeza, "Na kucheka vilevile."

Katika maneno hayo Consolate aliona mlango ukifunguka kiasi cha kupitisha mkono. Alilala na matumaini hayo, akaamka nayo.

Mboga ile alifundishwa na jirani yake, Mama Louise, mjane wa mtu wa reli. Ziwa linapofungwa ili samaki wazae, kitoweo huwa shida Kalemie, na mwenye mabokali yake rafuni hajui aibu ya bugali mkavu. Kazi yenyewe si ngumu. Kabichi, karoti na pilipili hukatwa, husokomezwa katika bokali, yaani mtungi wa kioo, na kumiminiwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Juu yake hulazwa jani zima la kabichi kama shuka, na juu ya jani hulala jiwe. Jiwe ndilo askari. Kazi yake ni kuhakikisha hakuna hata kipande kimoja kinachotoa kichwa juu ya maji mpaka mboga iwe chachu.

"Kinachovuta hewa njo kinachooza," Mama Louise alimwambia siku ya kwanza, akimcheka. "Ninyi watu wa Baraka munajua kutoa vitu ndani ya maji. Huku kwangu kazi ni kuviacha ndani. Na jiwe, uchukue jeusi la mtoni Lukuga, ulisugue, ulichemshe. Jeupe la Kabimba usiweke kabisa. Uchachu unalikula."

Basi mashua ilipoleta kabichi za milima ya Kirungu, ngumu na baridi kama zimetoka tumboni mwa asubuhi, Consolate alichagua zile nzuri zaidi. Alikata, akasokomeza, akamimina maji ya chumvi. Ilipofika zamu ya jiwe, macho yake yakaangukia barazani. Pale Ignace alikuwa amepanga mawe meupe, laini kama mayai, aliyokuwa akiyaleta mfukoni kila aliporudi kutoka Kabimba. Hakuna mtu aliyejua kwa nini aliyaleta. Alipoulizwa alijibu kwamba mtu hawezi kurudi kwa mke wake mikono mitupu.

Njia ya mtoni ilikuwa matope matupu kwa sababu ziwa lilikuwa limepanda. Lakini hata kama ingekuwa kavu, sijui kama angekwenda. Alisimama akiyatazama yale mawe, moyo wake ukamwambia: na yeye aweke mkono wake katika chakula cha mama yake. Akachukua moja, akaliosha, akalichemsha kama alivyofundishwa, akalilaza juu ya jani. Lilizama vizuri. Consolate akafunika bokali na kitambaa, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Upendo una macho, lakini mara nyingi hutazama nyuma.

Siku za kuondoa kilio zilipokaribia, Mama Louise alipita kuomba moto. Alimkuta Annie amechuchumaa mbele ya bokali.

"Mama Louise, jiwe la papa linapumua," mtoto akasema, akimaanisha baba yake.

Mama Louise akainama. Vipovu vidogo vilikuwa vikipanda, na kwa kweli mboga ya chachu hutoa vipovu, hilo si ajabu. Lakini hivi havikutoka chini kwenye kabichi. Vilitoka katika jiwe lenyewe, kama jasho. Na jiwe lilikuwa limekonda. Lilikuwa limelala upande mmoja tu, na upande wa pili jani la juu lilikuwa limeinuka, limeelea, limeota unga mweupe mithili ya manyoya ya kifaranga.

Mama Louise alimwita Consolate aje aone. Alichukua ndimu jikoni, akaikata, akaikamulia juu ya jiwe jingine la barazani. Jiwe likatoa povu kama sabuni.

"Unaona, Mama Annie? Namna hiyo njo linafanya mule ndani. Linaliwa, na likiliwa linaua uchachu. Maji yanabaki ya bure, na mboga inapanda juu kutafuta hewa. Mwaga hii."

"Nimwage?" Consolate alishika bokali kwa mikono miwili kama mtu anayenyang'anywa. "Mashua ya Kirungu haiji mpaka upepo utulie. Nitampa nini mama mukwe?"

"Mboga ya lengalenga iko. Ndakala kavu, wale samaki wadogo, iko. Mwambie tu, Mama, mboga iliniharibikia. Hakuna muntu aliyefukuzwa kwa sababu ya kabichi."

"Yeye aliomba hii. Hippolyte anangoja nikosee tu, aseme huyu hata chakula cha mama hawezi. Tena ni jani moja, Mama Louise. Jani moja tu."

"Njo hivyo kunaanza."

Mama Louise aliondoka bila ule moto aliokuja kuuomba. Hakuwa mtu wa kupiga kelele, na pengine hilo nalo lilikuwa kosa lake. Maneno yakisemwa kwa upole, masikio yenye hofu huyachukua kama ushauri wa hiari. Consolate alibaki peke yake na bokali. Akalibana lile jani kwa vidole viwili, akalitupa. Akaufuta unga uliobaki kwa kijiko. Akaongeza chumvi, akalisukuma jiwe chini, akafunika. Yalipofanywa yote hayo, bokali lilionekana safi, naye akajisemea kwamba kisichoonekana hakipo.

Siku yenyewe ilifika na mawingu mazito juu ya ziwa. Watu wa Kabalo walikuja, wakaketi uani kwenye viti vya kuazima. Consolate alipofungua bokali, harufu iliyompiga haikuwa ile ya uchachu inayofanya mate yajae mdomoni. Ilikuwa harufu nzito, ya chini, kama maji ya chombo cha maua kilichosahauliwa. Kabichi ilikuwa laini mno kwenye kidole. Akaisuuza. Akaisuuza tena. Akaikaanga kwa mawese, kitunguu kingi na pilipili, mpaka harufu ile ikajificha nyuma ya harufu nyingine kama mwizi katikati ya waombolezaji. Alionja kidogo kwa ncha ya ulimi. Moto wa pilipili ulimzuia kujua chochote, na yeye hakutaka kujua zaidi.

Mama Alphonsine alinawa mikono, akamega bugali, akachovya. Ua mzima ulimtazama. Alitafuna polepole.

"Iko laini," alisema. "Ignace aliniambia inalia kwenye meno."

"Ni vile nimeipika sana, Mama. Kwa ajili ya meno yako."

Watu wakacheka kidogo, naye kikongwe akacheka. "Basi umenihurumia," akasema, akala mpaka sahani ikawa tupu, kwa maana alitaka watu wote waone kwamba anakula. Mboga ile ilikuwa ya sahani yake peke yake. Wengine walipewa ndakala. Kisha akafuta mdomo, akasema atapumzika kidogo ndani, na akiamka atatamka neno lake. Alipompita Annie alimshika shavu. Consolate aliliona hilo, moyo wake ukaruka kama samaki.

Neno halikutamkwa siku ile. Kikongwe aliamka akiwa ameshika tumbo. Alitapika mpaka hakuna kilichobaki cha kutapika, na mwili wake mdogo ukaanza kukauka mbele ya macho ya wanawe. Walimbeba mbio mpaka zahanati. Muuguzi alimtundikia serumu, maji ya dawa ya mshipani, akawaambia wazi kwamba ni chakula kilichooza, si kitu kingine. Lakini nani husikia maneno ya muuguzi wakati moyo umekwisha kuamua?

"Alianza na kaka yangu Ignace, sasa anamaliza mama," Hippolyte alisema uani, kwa sauti ya kutosha majirani wote. "Na sisi tunakaa hapa tunakula bugali."

Neno sumu halikutajwa hata mara moja. Halikuhitaji kutajwa. Wanawake waliokuwa wakiosha sahani pamoja na Consolate wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kila mmoja akikumbuka kazi aliyoiacha nyumbani. Mama Louise pekee ndiye aliyebaki, akisugua sufuria bila kuinua kichwa. Hakusema nilikuambia. Ingekuwa afadhali angesema.

Mungu alikuwa mwema, Mama Alphonsine hakufa. Alipopata nguvu ya kuketi, aliagiza mkwe wake aitwe. Hippolyte alisimama mlangoni na mikono kifuani, lakini mama yake akamwambia atoke, naye akatoka.

"Kaa, Consolate," alisema. Hakumwita Mama Annie. "Wanasema mengi pale nje. Mimi ni muntu mzima, sumu naijua na uozo naujua. Nataka nikuulize kitu kimoja tu. Mboga ile, ulijua?"

Consolate angeweza kusema hapana. Hakuna aliyekuwa na ushahidi, na Mama Louise asingefungua mdomo. Lakini macho yale ya kikongwe yalikuwa macho ya Ignace, naye hakuwahi kumdanganya Ignace.

"Niliona unga kidogo, Mama. Juu ya jani moja. Nikasema ni kidogo."

"Halafu?"

"Niliogopa. Nilitaka uipate ile uliyoiomba. Nilitaka mutoto wangu."

Mama Alphonsine aliyatazama matone ya serumu yakishuka.

"Nilikuja hapa na neno tayari," alisema hatimaye. "Annie abaki na wewe. Nilikuwa nimelibeba tangu Kabalo. Kama ungenipa lengalenga ningelisema. Kama ungenipa chumvi na bugali ningelisema." Akapumua. "Hippolyte anasema ulitaka kuniua. Mimi sisemi hivyo. Lakini uliona, na ukanilisha. Mutoto wa mwanangu nimuache katika jiko la muntu anayeona na kufunika? Siwezi, mwanangu. Hata nikitaka, sasa wanangu hawatakubali."

Consolate hakulia pale. Alimsaidia kikongwe kulala tena, akamfunika miguu, akatoka.

Treni ya Kabalo huondoka inapotaka yenyewe, na mara hii ilitaka mapema. Annie alivalishwa gauni lake la kanisani. Aliuliza kama huko Kabalo kuna ziwa, akaambiwa kuna mto mkubwa. Aliuliza mama anakuja lini, na Hippolyte, ambaye hakuwa mtu mbaya, aligeuza uso, akajifanya anahesabu mizigo. Mama Alphonsine aliketi karibu na dirisha, amejifunga shuka, mkono wake juu ya bega la mtoto. Behewa lilipotikisika, Annie alianza kulia bila sauti, vilevile kama mama yake alivyokuwa akilia jikoni akidhani hakuna anayemwona.

Consolate alirudi nyumbani kwa miguu. Maneno ya watu yalimfuata kwa miezi. Wengine waliacha kununua mboga alizouza, wengine walikataa hata maji ya kunywa kutoka mkononi mwake. Kila mwaka alituma salamu Kabalo na kila mwaka salamu zilirudi, fupi kuliko zilivyokwenda. Kosa lake halikuwa kuchagua jiwe la mumewe, kwa maana nani atamlaumu mjane kwa hilo? Kosa lilikuwa lile jani moja, alilolibana kwa vidole viwili na kulitupa, akadhani ametupa ubaya wote pamoja nalo. Hakika, mdharau mwiba, mguu huota tende.