Hatua Ishirini za Tembo

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na majembe na ghala zao, palikuwa na mama mmoja aitwaye Pimbi. Sogeeni karibu, na msicheke mapema, maana hadithi hii hunitia hasira kila ninapoisimulia.

Mama Pimbi alikuwa mdogo, mfupi, mkia hana. Lakini mdomo? Mdomo alikuwa nao! Alikuwa na watoto watatu na kishamba kimoja nyuma ya mawe. Mbegu za mtama zilikuwa tayari kibuyuni, na mawingu ya masika yalikwisha kuanza kujikusanya. Kilichobaki ni kulima tu.

Lakini angelima saa ngapi? Ghala lake lilikuwa tupu. Kila asubuhi ilimbidi aende kufanya kibarua kwa Mzee Tembo, watoto wapate chochote.

Kazi yenyewe ilikuwa kulima ngwe, yaani kile kipande cha shamba anachopimiwa mtu alime kwa siku. Na desturi ya huko ilikuwa hivi: mtama wa malipo hupimwa asubuhi, ukawekwa juu ya jani mwanzoni mwa ngwe, ili kila mtu aone anacholimia.

Ngwe moja, hatua ishirini. Malipo yake, kiganja kimoja cha mtama.

Mnasema si vibaya? Ngojeni! Hatua ishirini za nani? Za Tembo! Du! Du! Du! Akipiga hatua ya kwanza yuko hapa, ya pili yuko kule kwenye kichuguu. Na kiganja cha nani? Cha Pimbi! Yaani kwenye kazi, mguu wa Tembo. Kwenye malipo, mkono wa Pimbi. Dhuluma gani hiyo, wanangu? Tena mchana kweupe!

Mama Pimbi akilima, jua linazama naye bado yuko katikati ya ngwe. Akirudi nyumbani, mgongo hauinuki, na kishamba chake kinamtazama tu.

Siku moja akasema, potelea mbali, nakwenda kusema.

"Shikamoo, Mzee Tembo."

"Marahaba. Sema upesi, nakula."

"Mzee wangu, ngwe ni ndefu mno. Mvua iko karibu na sijatia mbegu hata moja ardhini. Nina watoto, Mzee. Nihurumie."

Tembo akacheka mpaka masikio yakapigana. Pwata! Pwata!

"Nikuhurumie? Jana alikuja Digidigi, nimhurumie. Juzi Nguchiro, nimhurumie. Kila mmoja na watoto wake! Kwani niliwazaa mimi?"

"Basi nitakwenda kulima kwa Kiboko."

"Nenda! Nani amekushika?"

Mama Pimbi akafunga safari hadi mtoni kwa Mzee Kiboko. Kiboko akamsikiliza, akapiga mwayo mrefu, kisha akasema, "Kwangu pia ni hatua ishirini za Tembo. Mimi na mwenzangu tumepatana. Usipolima kwake kwa kipimo hicho, utalima kwangu kwa kipimo hichohicho."

Ala! Kumbe wakubwa wamekwisha kupatana! Mama Pimbi alirudi njia nzima akilia, na hakulia kwa huzuni. Alilia kwa hasira. Alipiga teke kila jiwe aliloliona, mpaka kidole kikamuuma, akakaa chini.

Hapo ndipo akili ikaanza kutembea. "Digidigi alikwenda peke yake," akawaza. "Nguchiro peke yake, na mimi peke yangu. Na sote tukaomba huruma. Tembo ana mashamba, ana ghala, ana mkonga. Huruma hana! Sasa kwa nini tunamwomba kitu asichokuwa nacho? Ana nini yule mzee? Ana majivuno. Na anaogopa nini? Anaogopa mvua kama mimi, maana shamba lake nalo halijaisha."

Akasimama, akajifuta machozi. Jioni ile akapita kwa Digidigi, kwa Nguchiro, na kwa vibarua wengine wote, wakawa thelathini pamoja naye.

"Kesho," akawaambia, "mtu asishike jembe mpaka nikohoe."

"Dada, tutakanyagwa!" Digidigi akasema.

"Akitukanyaga, atalimiwa na nani? Ule mguu wake unajua kulima? Unajua kushindilia tu!"

Asubuhi wakafika shambani. Mzee Kiboko naye alikuwepo, amekuja kama kawaida yake kuchungulia, asije mwenzake akalegeza masharti. Ngurumo zikasikika mbali: gudugudugudu!

Mama Pimbi akatoka mbele, akatabasamu.

"Shikamooni, wazee wetu. Leo hatukuja na malalamiko."

"Afadhali!" akasema Tembo.

"Tuna swali dogo tu. Wako wanaosema ngwe ipimwe kwa hatua ya Pimbi. Mimi nimewaambia waache upuuzi, shambani mwa Mzee kipimo ni cha Mzee. Nimekosea?"

Tembo akatuna. "Hujakosea hata kidogo!"

"Hakuna kipimo kingine?"

"Hakuna!"

"Hata wenye viungo vidogo kama sisi, tusilete vyetu?"

"Msithubutu!" Tembo akapaaza sauti, ndege wakaruka. "Humu kipimo ni kimoja, nacho ni changu!"

"Mzee Kiboko, umesikia?"

"Nimesikia. Hata waliolala wamesikia."

Mama Pimbi akainama, akatandaza jani mwanzoni mwa ngwe. Lakini safari hii halikuwa kale kajani ka kila siku. Lilikuwa jani zima la mgomba! Na nyuma yake vibarua wote wakatandaza ya kwao: pwa! pwa! pwa!

"Basi tupimie, Mzee. Kiganja chako ni mkonga. Mkonga mmoja wa mtama kwa kila ngwe."

"Nini?"

"Kipimo ni kimoja, nacho ni chako. Umesema mwenyewe."

Tembo akatazama majani thelathini. Akatazama ghala. Mikonga thelathini! Kwa siku mbili ghala lingebaki na panya tu.

"Ebo! Mtama hupimwa kwa viganja vyenu!"

"Sawa, Mzee. Na ngwe kwa hatua zetu?"

"Ngwe kwa hatua zangu!"

"Basi vipimo ni viwili. Tuseme ulichosema mbele ya mwenzako si kweli?"

Kiboko akaguna, "Mh!" Tembo akajiona amechekwa, akapiga mguu chini. Puu! Vumbi likatimka. Digidigi karibu akimbie, lakini Nguchiro akamshika.

Mama Pimbi hakujibu. Akakaa chini, akakunja mikono. Na hapa, wanangu, ndipo penye kazi ngumu kuliko kulima: kunyamaza. Ulimi ulimwasha! Alikuwa na matusi mia ya kumtupia mzee yule. Akayameza yote.

Gudugudugudu! Mawingu yakasogea.

"Hatua kumi na tano," akasema Tembo.

Kimya.

"Kumi, basi! Kumi zangu!"

Kimya. Tone moja likaanguka juu ya pua ya Kiboko. Tap! Kiboko akashtuka, akakumbuka mashamba yake mwenyewe.

"Jamani, njooni kwangu," akasema haraka. "Hatua nane!"

"We Kiboko! Si tulipatana?"

"Tulipatana, ndugu yangu, lakini mvua hatukupatana nayo!"

Wakafokeana pale, wakubwa wawili waliokuwa chanda na pete jana tu. Mwishowe Tembo akapiga kelele, "Basi! Hatua zenu, viganja vyenu! Limeni!"

Mama Pimbi akasimama taratibu.

"Na atakayetaka ngwe ya pili, apimiwe mtama kwenye jani la pili?"

"Na la tatu! Limeni, mvua inakuja!"

"Ehem!" Mama Pimbi akakohoa.

Majembe thelathini yakapanda juu kwa pamoja. Kwa! Kwa! Kwa! Hatua ishirini za Pimbi! Kabla umande haujakauka Mama Pimbi alikuwa amemaliza, amekunja kiganja chake cha mtama ndani ya jani, huyoo, anakimbilia nyuma ya mawe. Watoto wakashika vijembe vyao. Wakalima, wakapanda, wakafukia mbegu ya mwisho, na hapo hapo mvua ikashuka. Mama Pimbi hakuingia ndani. Alisimama mvuani akalowa chapachapa, akicheka peke yake, na hasira ya siku zote zile ikamwondoka.

Mimi jembe langu naliweka hapa, ngwe yangu imekwisha: ukipatana na mwenye nguvu, usimwombe huruma yake, mshikishe neno lake.