Tiketi Isiyorudi Nyuma

Hapo zamani, na msinikatize kuniuliza zamani ipi, maana si ile ya wafalme na majini, ni hii ya juzi yenye simu na viwanja vya ndege, palikuwa na mke na mume hapa hapa Wete, kisiwani Pemba. Mume akiitwa Mwalimu Faki. Alisomesha jiografia miaka thelathini na minne, akawaonyesha watoto wa watu dunia nzima kwa ncha ya fimbo, na yeye mwenyewe hajapita Dar es Salaam. Mke akiitwa Bi Asaa. Mimi ni jirani yao, ukuta kwa ukuta. Ninayosimulia nimeyaona na nimeyasikia kwao wenyewe, na hasira niliyonayo ni yangu, sikuiazima kwa mtu.

Mwalimu alipostaafu, na karafuu zikakubali mwaka ule, wakaambiana: kabla hatujafa, tuizunguke hii dunia tuliyoisomesha. Wakapanda boti wakaenda Unguja kwa wakala wa tiketi, binti mmoja hodari, jina lake Hidaya. Hidaya akawaeleza masharti, na nyinyi yashikeni, kisa chote kimo humo.

"Ipo tiketi moja ya kuizunguka dunia," alisema. "Mnachagua upande mmoja tu, mashariki au magharibi. Mkianza mashariki, ni mashariki mpaka mrudi nyumbani. Mkianza magharibi, ni magharibi mpaka mrudi nyumbani. Kurudi nyuma hakuna. Na mkiacha kupanda ndege moja tu, zote zilizobaki zinafutwa."

Mwalimu akafungua atlasi yake kuukuu, macho yanamng'ara. Akataja Uturuki, Uingereza, Kanada, Nyuzilandi, Malesia. Bi Asaa akangoja amalize.

"Mimi nina mji mmoja tu," akasema. "Mingine yote ni yako, Mwalimu. Mimi nataka Maskati."

Maskati alikuwako Dada Riziki. Mama yao alikufa Asaa ana miaka saba na Riziki kumi na tano. Riziki ndiye aliyemwogesha, ndiye aliyemsuka, ndiye aliyemfunza kupika na kusali. Kisha Riziki akaolewa Oman, na tangu aondoke hawajaonana. Miaka thelathini na mmoja! Simu kila wiki, lakini simu haina mikono.

"Basi tunaanza mashariki," akasema Hidaya. "Mkienda mashariki, Maskati ndiyo ya kwanza. Mkienda magharibi, ndiyo ya mwisho." Akaandika mashariki, akawatafutia viti vya ndege zote, wakarudi Wete wanacheka kama maharusi.

Ingeishia hapo, nisingekuwa na hadithi.

Bi Asaa hakulala vizuri wiki ile. Akawa anazunguka ua akisema peke yake. Nikamuuliza, "Shoga, una nini?" Akaniambia, "Dada yangu nimwendee na nini? Halua? Maskati ndiko inakopikwa. Karafuu? Anazo mpaka anagawa. Mtu amekulea, humwoni miaka thelathini na mmoja, halafu uingie kwake unapunga mikono? Mkono mtupu haulambwi."

Akampigia Hidaya simu. "Mwanangu, igeuze. Tuanze magharibi. Kila nchi nitakayopita nitamnunulia Dada kitu kimoja, nifike kwake mwisho na sanduku limejaa."

Hidaya akaguna, lakini akaigeuza. Kazi ya siku tatu aliifuta, akaianza upya, na siku ya kuondoka ikasogea mwezi mzima mbele. Mwalimu akafurahi, eti ukienda na jua mwili hauchoki sana. Mwalimu ana sababu ya kijiografia kwa kila jambo.

Sasa sikilizeni, na wewe uliyekaa mlangoni acha kutikisa kichwa, hujafika mahali pa kutikisia.

Wiki mbili kabla ya safari, Dada Riziki alilazwa hospitali. Figo. Daktari akamwita mwanawe, Suud, akamwambia, "Mama yako hamalizi miezi miwili." Suud akatoka analia. Dada Riziki akamshika mkono akamwambia, "Usimshtue mdogo wangu. Mwache aje na furaha yake."

Usimshtue! Neno hili limeua watu wengi kuliko homa, na hakuna anayelizika. Mgonjwa yuko taabani, tunasema ana mafua. Maiti iko ndani, tunasema njoo, ana hali mbaya kidogo. Mficha maradhi kilio humfichua, tunalisema kila siku, na tunaficha kila siku.

Suud hakumpigia mama yake mdogo. Alimpigia Mwalimu. "Baba mdogo, mama anaumwa figo kidogo. Si sana. Lakini ikiwezekana, anzeni kwetu."

Kidogo. Si sana. Miezi miwili ameifanya hivyo.

Mwalimu hakumwambia mkewe. Alipanda boti peke yake, akamfuata Hidaya dukani. "Binti yangu, tiketi hii inaweza kugeuzwa tena, tuanze mashariki?"

Hidaya akamtazama. Mezani ana kazi za watu wengine zimerundikana. "Mwalimu, mmeshaigeuza mara moja. Kuna dharura?"

"Hapana," akasema Mwalimu. "Nimewaza tu." Maana mwanamume mzima hatangazi maradhi ya shemeji yake dukani, ati ni aibu.

"Basi haigeuziki," akasema Hidaya.

Uongo! Tiketi ile ilikuwa inageuzika mpaka saa ya kupanda ndege ya kwanza. Hidaya alichoka, basi. Alichoka, akasema uongo mdogo kama punje ya mtama.

Wakaondoka. Uturuki Bi Asaa akanunua mtandio. Uingereza akanunua birika la chai. Kanada akanunua soksi za sufu, kwa sababu Dada alimwambia kwenye simu kwamba siku hizi miguu yake haipati joto. Mtu anakwambia miguu haipati joto, nawe unanunua soksi, hujiulizi! Wakavuka bahari ile kubwa wakafika Nyuzilandi.

Nyuzilandi, siku ya pili, Suud akampigia Mwalimu. Mama amefariki. Wanamzika baada ya sala ya adhuhuri.

Mwalimu akatoka nje ya hoteli akalia nyuma ya magari. Akanawa uso. Akarudi ndani, akamkuta mkewe anakunja blanketi alilomnunulia Dada. Hakusema kitu.

Hakusema kitu siku kumi na moja! Wakaenda Malesia, na Bi Asaa akaingia sokoni kumtafutia marehemu viatu, akipima kwa kiganja chake, akiuliza, "Mwalimu, hivi si vitambana?" Naye Mwalimu akijibu, "Havitambana," akibeba mfuko. Bi Asaa akipiga simu Maskati, Suud anajibu, "Mama amelala." Akipiga tena, "Mama anaswali." Mungu wangu, mtu yuko kaburini, wanasema anaswali!

Wakafika Maskati. Bi Asaa hakungoja kukaribishwa. Akapita sebuleni anaita, "Dada! Dada Riziki! Nimekuja!" Akafungua chumba. Akakuta kitanda kitupu, godoro limekunjwa na kufungwa kamba.

Suud akamtazama Mwalimu. Mwalimu akatazama chini.

"Lini?" akauliza Bi Asaa.

"Leo siku ya kumi na moja, mama mdogo," akasema Suud.

Akahesabu kwa vidole, akirudi nyuma, mpaka akaifikia Nyuzilandi. Hakulia. Alilifungua lile sanduku akaanza kuvitupa ukutani, kimoja kimoja, birika, soksi, viatu, na kila alichotupa alikitaja jina la nchi. Alipomaliza akasema, "Nipelekeni kaburini." Na njia nzima hakumjibu mumewe.

Wakarudi Wete, na Suud pamoja nao, maana arobaini ya Dada Riziki ilipangwa isomwe hapa alipozaliwa. Hidaya naye akavuka kuja kutoa pole, hajui kinachomngoja. Usiku wa kuamkia hitma, hapana, bado jua lilikuwa halijatua, Bi Asaa aliwaita wote watatu ukumbini. Mimi nilikuwepo, nachagua mchele wa pilau, akaniambia, "Wewe kaa. Nataka shahidi."

Akasema, "Kesho sheikh, kabla ya dua, atauliza kama watu wa nyumba wamesameheana. Semeni sasa."

Akaanza Suud. "Kosa ninalo, silikatai. Lakini si mimi niliyekunyima dada yako. Mama yangu alikuwa kitandani, akaniamuru nisikushtue. Mtoto amvunjie mama amri akiwa katika hali ile? Na hata hivyo niliivunja nusu, nikamwambia baba mdogo."

"Alikuamuru usinishtue," akasema Bi Asaa. "Alikuamuru useme maiti anaswali?"

Suud akainama.

Akasema Mwalimu. "Kosa ninalo, silikatai. Lakini si mimi niliyekunyima dada yako. Niliambiwa kidogo, si sana. Na kwa hicho kidogo nilivuka bahari kwenda kugeuza tiketi, nikaambiwa haigeuziki. Ningekwambia, uumie bure? Na tanzia nimeificha, ndiyo. Kwetu mtu hapewi tanzia ugenini, hana wa kumshika. Alizikwa siku ile ile, Asaa. Tusingemuwahi hata kwa radi."

"Wa kunishika ulikuwa wewe!" Sauti yake ilifika barabarani, nawaapia. "Miaka arobaini mume wangu, wa kunishika ulikuwa wewe, na mikono yako ilikuwa imebeba mifuko ya sokoni!"



Akasema Hidaya, machozi yanamtoka. "Kosa ninalo, silikatai. Lakini si mimi niliyekunyima dada yako. Nilimuuliza Mwalimu, kuna dharura? Akasema hapana. Muulizeni, yuko hapa. Angelitamka neno mgonjwa, mama, ningeigeuza asubuhi ile ile, ningelala dukani mpaka imegeuka."

"Kwa hiyo ukweli kwako ni mpaka mtu augue?" akasema Bi Asaa. "Mzima unamdanganya?"

Hapo Suud akainua kichwa. Damu ilimpanda, na yeye ni mfiwa, tena mfiwa wa mama. "Na wewe, mama mdogo? Mbona hujitaji? Tiketi ya kwanza ilianzia kwetu! Ungekuja nayo ungemkuta yuko nyumbani, anatembea, anapika, ungekaa naye kabla hajalazwa. Nani aliyesema igeuzwe? Mama yangu alitaka mitandio? Alitaka birika? Alikutaka wewe!"

Mwalimu akasema, "Suud, mama yako mdogo huyo," na Bi Asaa akamnyamazisha kwa mkono.

"Mwache," akasema. "Huyu peke yake leo hakunificha." Akakaa chini, kwa mara ya kwanza tangu waingie. "Kosa ninalo, silikatai. Lakini mkono mtupu haulambwi, alinifunza nani? Alinifunza Dada mwenyewe, nikiwa na miaka minane, tukienda kumtazama mzazi aliyejifungua, na yai moja la kuku kwenye kitambaa. Nilimheshimu kama alivyonifunza kumheshimu. Na ningejua anaumwa, ningekwenda Maskati hata bila viatu."

Kisha akasema neno ambalo mpaka leo linanikereketa.

"Radhi ninayo ya watu watatu. Nimejitazama moyoni, ya wanne sina. Kesho sheikh akiuliza, nataka niseme tumesameheana na liwe kweli, maana uongo umenichosha. Kwa hiyo mmoja kati yetu wanne hataingia kwenye hitma ya Dada. Akiwa Suud, atamsomea mama yake nje ya ukuta, na asiniite tena mama mdogo. Akiwa Hidaya, apande boti ya alfajiri. Akiwa Mwalimu, afungashe, na nyumba hii tumeachana. Na nikiwa mimi, nitatoka mimi, dada yangu asomewe na wengine."

Mimi mchele umenitoka mapajani.

Akanigeukia. "Jirani, umesikia mwanzo mpaka mwisho. Huna chako humu. Niambie, nimtoe nani?"

Nikamtazama Suud, nikamwonea huruma. Nikamtazama Mwalimu, nikamwonea hasira, kisha huruma. Nikamtazama Hidaya, mtoto wa watu. Nikamtazama yeye mwenyewe, nikaona jibu moja linanijia kinywani, na nikaogopa litamshtua. Nikanyamaza.

Akanitazama muda mrefu. "Hata wewe," akasema, "unanificha."

Tangu siku hiyo sina raha, na sitaki kuibeba peke yangu. Nyinyi nimewaambia yote, sikuwaficha hata moja. Basi asinyamaze mtu humu ndani, wala asiniambie wote walikosea, hilo nalijua: Suud aliyeifanya miezi miwili kuwa kidogo, Mwalimu aliyembebea mkewe zawadi za marehemu, Hidaya aliyechoka akadanganya, na Bi Asaa aliyeipa mgongo Maskati kwa mkono wake. Je, nani alistahili kufungiwa mlango?