Korosho Huivia Ungoni

Korosho huivia ungoni. Ndivyo Mzee Nandonde alivyomwambia baba yenu mdogo jana, pale kikaoni, baba yenu huyo alipokuwa akimshambulia mkwe wake kwa mara ya tatu kwa kosa lile lile. Nikaona baba yenu mdogo amefunga mdomo ghafla, wazee wameinamisha vichwa, na ninyi vijana mnatazamana. Leo mmenijia na chai na mihogo, mnataka kujua chanzo cha maneno hayo. Najua hamkuja kwa kunipenda, mmekuja kwa sababu wengine wote walioyaona wameshakufa. Si kitu, kaeni. Usemi huo una mwanzo wake, na mwanzo wenyewe niliushuhudia kwa macho yangu, ingawa ni heri nisingeushuhudia.

Hapa kwetu Namkunya palikuwa na mama mmoja jirani yangu, jina lake Bi Siwema. Mume wake alifariki mapema, akamwachia shamba la mikorosho na mtoto mmoja tu wa kike, Somoe. Kubangua korosho kila mtu alijua, hata ninyi mnajua, lakini kukaanga hakuna aliyemfikia Bi Siwema. Alikuwa akiloweka korosho zilizokwisha menywa katika maji ya chumvi, anazichuja, anaziweka kwenye kikaango cha udongo juu ya moto mdogo wa makaa, anageuza na kugeuza bila kunyanyua macho. Korosho zake ukizitafuna zinalia. Waliotaka za kula na chai walikwenda kwake, na waliotaka za kusaga kwa mchuzi wa kuku walikwenda kwake.

Siri yake hakuificha, ila watu hawakuwa na subira nayo. Korosho ikiwa motoni haionyeshi kama imeiva. Ukiitoa ya moto ukaionja, ni laini, inateleza mdomoni kama kiazi, na wewe utasema bado. Kumbe ndani ina moto wake, na moto huo unaendelea kuipika hata ikiwa imekwisha kutoka jikoni. Ukiimimina kwenye ungo ikiwa bado nyeupenyeupe, imeanza tu kunukia, baada ya muda itapata rangi yenyewe na itakauka yenyewe. Ukingoja iive mbele ya macho yako, ikifika ungoni imekwisha kuwa chungu. Bi Siwema alitufundisha hivyo wanawake wote wa mtaa huu, na mimi nikiwamo. Mnione hivi, mkono wangu ulikuwa mzito, niliunguza nyingi kabla sijaelewa.

Sasa, zamani hizo posa za hapa zilikuwa na desturi yake. Wageni wa upande wa mume wakifika, hawasemi neno la maana mpaka wamepewa korosho za kukaanga. Mkubwa wao anachukua moja, anatafuna, wote wanasikiliza. Ikilia vizuri, anasema nyumba hii ina wanawake, na mazungumzo yanaanza. Upuuzi, mtasema. Lakini watu waliutegemea upuuzi huo, na familia iliyotoa korosho mbaya ilitaniwa mwaka mzima.

Basi kaka yake Bi Siwema, Mzee Lipande, akapata wageni wa posa kwa binti yake. Kazi ya korosho ikaja kwa Bi Siwema, nani mwingine? Siku hiyo asubuhi tulikuwa uani kwa Lipande wanawake kama kumi, tunakuna nazi, tunachambua mchele. Somoe alikuwa na umri wa miaka kumi na saba. Alikuwa msichana mtaratibu, hasemi sana. Uso wake haukuonyesha mambo. Ukimfurahisha hacheki kwa sauti, na ukimuudhi halii. Mama yake alikuwa mtu wa kusema na kulia hadharani, na jambo hilo la mtoto lilimkera siku zote. Mara nyingi aliniambia hajui mtoto yule ana nini ndani.

Korosho zilikuwa motoni wageni walipoanza kuonekana njiani. Bi Siwema akaitwa ndani kumvisha bibi harusi mtarajiwa maneno, yaani kumweleza cha kujibu akiulizwa, kwa sababu ndiye shangazi yake. Akamwachia Somoe kikaango. Akamwambia zikianza kunukia amimine, asingoje rangi. Somoe akaitikia.

Na kweli alimimina kwa wakati wake, nilimwona. Angeziacha pale ungoni, leo nisingekuwa na hadithi ya kuwasimulia. Lakini alichukua moja akaionja ikiwa ya moto. Ilikuwa laini. Akaonja ya pili. Mtoto aliyajua mafundisho ya mama yake, lakini wageni walikuwa wameshaingia uwanjani, na alimwogopea mama yake aibu. Akazirudisha kikaangoni. Akageuza kidogo, akaonja, bado laini, akageuza tena. Alipozimimina mara ya pili zilikuwa na rangi nzuri ya dhahabu, na sote tukamsifu. Tulipomaliza kumsifu zilikuwa za kahawia. Sinia lilipoletwa zilikuwa nyeusi, na uchungu wake ulifika puani.

Bi Siwema akatoka, akaona. Akamkemea Somoe pale pale jikoni. Alisema nilikufundisha, ukaacha, umemwaibisha mjomba wako. Alimkemea kwa ukali lakini kwa haki, na kwa maneno machache. Somoe akapiga goti akasema, "Nimekosa, mama. Nisamehe." Hakutoa chozi. Akainuka, akachukua kikapu, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Wageni walipewa chai na mihogo. Mkubwa wao alicheka, akasema yeye hana meno hata hivyo, na posa ikaendelea vizuri. Kwa hiyo ukiniuliza hasara ilikuwa nini siku ile, nitakujibu haikuwapo. Ilikuwa aibu ya nusu saa. Watu walikuwa wameshaisahau.

Ila Bi Siwema hakuisahau. Alizunguka uani akisema mtoto amekosa na bado ametoroka kazi, ametuachia vyombo. Kila alivyousema uso ule mkavu ndivyo alivyozidi kupata joto. Sisi tulimwitikia, badala ya kumnyamazisha tulimwitikia, na hilo linaniuma mpaka leo.

Baada ya muda Somoe akarudi, jasho linamtoka, kikapu amekifunika kanga. Mama yake hakumngoja afike. Alimkuta katikati ya uani, mbele yetu sote na mbele ya wanawake wa upande wa mume waliokwisha kuja kutusalimu. Akaanza upya. Alimwita mvivu. Alimwambia hana haya, angekuwa na haya angelia. Somoe amesimama tu, anatazama chini. Nami nilijua, kila mtu alijua, kwamba lililokuwa la kusemwa lilikuwa limeshasemwa jikoni. Lakini Bi Siwema alikuwa akiutazama uso wa mtoto, akitafuta dalili kwamba yamemwingia, na dalili haikuonekana. Akaongeza moto.

Akasema, "Heri baba yako aliyetangulia, hakukuona ulivyokuwa."

Hapo Somoe akanyanyua macho. Akamtazama mama yake, akaweka kikapu chini taratibu, kama mtu anayetua mtoto aliyelala, akaondoka. Hakupita nyumbani kuchukua hata nguo. Aliondoka na lori la mizigo mchana ule ule, akaenda Masasi kwa shangazi yake, dada wa marehemu baba yake.

Kikapu nilikifunua mimi. Ndani mlikuwa na korosho mbichi zilizokwisha menywa, kiasi cha kutosha sinia zima. Zilikuwa za kila namna, kubwa na ndogo, nzima na za vipande. Mtoto alikuwa amepita nyumba kwa nyumba, toka kwa Lipande mpaka kule kisimani, anaomba mkono mmoja hapa na mkono mmoja pale, ili mama yake akaange upya kabla wageni hawajaondoka. Nilimwonyesha Bi Siwema. Alikitazama kikapu muda mrefu. Kisha akasema atarudi, njaa itamrudisha.

Siku ya pili hakurudi, wala mwezi wa pili. Mvua za kwanza zikanyesha, tukapanda mahindi, na Bi Siwema alipanda peke yake. Nilimshauri aende. Alisema mzazi hamfuati mtoto. Nilimwona anavyopungua mwili, lakini kiburi ni kama kikohozi, mwenyewe anajua anacho na hawezi kukizuia.

Mwishowe akaenda. Alizikaanga korosho zile zile za kikapuni, alizokuwa amezihifadhi kwenye chungu, akanichukua nimsindikize. Tulifika Masasi kabla ya adhuhuri. Somoe alitupokea kwa heshima zote. Alisema shikamoo, akatuletea maji ya kunawa, akatupikia wali na kuku. Mchuzi ulikuwa wa nazi tupu, hakutia korosho.

Tulipomaliza kula Bi Siwema akasema, "Mwanangu, nimekuja kukutaka radhi."

"Usiseme hivyo, mama. Mimi nilishakusamehe."

"Basi twende nyumbani."

 Somoe akakusanya vyombo, akavipanga, kisha akakaa tena.

"Nitakuja, mama. Kwenye harusi nitakuja, kwenye msiba nitakuja. Ukiugua nitakuja kukuuguza. Lakini kuishi pale, siwezi."

"Kama umenisamehe, kinachokuzuia nini?"

"Uliponisema jikoni, yaliniingia yote. Nilikuwa nikitoka mlango huu naingia mlango ule, najisema mwenyewe kuliko ulivyonisema wewe. Uliponikuta pale uani, mama, sikuwa na kitu kilichobaki cha kuiva. Kilichobaki kilikuwa cha kuungua."

 Bi Siwema alifungua kitambaa chake akamsogezea zile korosho. Somoe akachukua moja kwa adabu, akatafuna. Nilisikia ilivyolia. Akasema ni nzuri, kisha akazifunika kitambaa, akazisogeza pembeni.

Na alitimiza ahadi yake, yule binti. Kila harusi alikuja, kila msiba alikuja, amebeba mchele na sukari. Aliketi na mama yake, akamuuliza hali, akamwitikia vizuri. Mtu wa nje angesema hawa wanapendana. Lakini hakulala hata siku moja katika nyumba ile, na kikaango cha mama yake hakukigusa tena. Bi Siwema alikuwa akimsindikiza mpaka barabarani, akirudi anakaa kizingitini bila kufanya kazi. Nilikaa naye mara nyingi. Hakuna cha kumwambia mtu wa namna hiyo. Ukimwambia Mungu ni mkubwa anakuitikia, na bado anatazama barabara.

Miaka ikapita kama minne. Siku moja binti yangu Awetu aliacha mlango wa zizi wazi, mbuzi wakala mahindi yetu yote ya mbele ya nyumba. Nikamkemea. Akasema amekosa. Nikaendelea. Nikafua nguo huku namsema, nikapika huku namsema, mpaka nikafika uani kwa Bi Siwema bado namsema, yeye ananifuata nyuma na ndoo ya maji kichwani, uso wake hauna dalili yoyote.

Bi Siwema alikuwa jikoni kwake anakaanga. Hakunyanyua macho. Akaniuliza, "Mama Awetu, umeshamwambia kosa lake?"

"Nimemwambia tangu asubuhi."

"Amekiri?"

"Amekiri kwa mdomo tu. Mtazame alivyo, kama hajaambiwa kitu."

Akakishika kikaango kwa matambara, akazimimina korosho zake ungoni. Zilikuwa bado nyeupe.

"Basi mtoe motoni," akasema. "Korosho huivia ungoni."

Nilitaka kujibu. Nilikuwa hodari wa kujibu zamani hizo. Lakini nilimtazama, nikaona machozi yanamdondokea juu ya ungo na yeye hayafuti, anazitandaza tu zile korosho kwa kiganja ili zipoe. Nikakumbuka kile kikapu. Nikageuka, nikamtua Awetu ndoo yake, nikanyamaza.

Wanawake wawili waliokuwapo waliyabeba maneno yale. Kwanza yalisemwa mtaa huu, mtu akizidisha kumgomba mtoto wake. Kisha wanaume wakayachukua, wakayapeleka vikaoni, na wanaume wakichukua kitu jikoni hawasemi wamekitoa wapi. Leo yanasemwa mpaka Masasi. Sijui kama Somoe aliwahi kuyasikia kabla mama yake hajafariki. Sikuwahi kumuuliza, na siku ya mazishi, nilipomwona amesimama mbele ya jiko lile lililokwisha zimwa, hakuthubutu mtu yeyote kumsogelea.

Kwa hiyo Mzee Nandonde jana hakuwa akimtetea mkwe wa baba yenu mdogo. Kosa alikosa, na aliambiwa, na ilikuwa haki aambiwe. Alikuwa akimwonea huruma baba yenu mdogo mwenyewe. Mtu akishakiri, usimtafutie uso wa kukiri. Neno ulilomwambia limo ndani yake, lina moto wake, na linampika hata ukinyamaza. Wewe mimina, kaa pembeni, vumilia ule weupe wake. Korosho huivia ungoni.