Bi Fuko na Njia Tatu za Kumlipa Kiboko

Ngano iko mlangoni.
*Na iingie.*
Ina njaa.
*Tutailisha masikio.*
Ina uongo mwingi.
*Tumeuzoea, na iingie.*

Haya, sogeeni. Anayetafuna atafune polepole.

Hapo kale, katika nchi nzima palikuwa na chemchemi moja tu, na juu ya chemchemi hiyo alikaa Kiboko. Hakuichimba. Hakuirithi. Aliikalia tu, na kwa ukubwa wa makalio yake hakuna aliyemuuliza. Kila mwezi ulipoandama, kila nyumba ililetewa bili: bili ya maji, bili ya njia ya kuendea maji, na bili ya kivuli cha kupumzikia ukitoka kwenye maji. Zote zililipwa kwa mtama. Asiyelipa alifungiwa maji, yeye na wanawe.

Sasa palikuwa na mjane mmoja, Bi Fuko. Mdogo wa mwili, macho hafifu, kucha ndefu za kuchimbia. Alikuwa na watoto wawili na ghala dogo la mtama, na ndani ya ghala, nyuma kabisa, alificha kibuyu cha mbegu alichoachiwa na marehemu mumewe. Mtama wa kula ukiisha, mtu hulala na njaa. Mbegu zikiisha, ndiyo basi tena. Kwa hiyo kila jioni Bi Fuko aliingia ghalani akakipapasa kibuyu, papasa, papasa. Kipo. Akishajua kipo, ndipo alipoweza kulala.

Siku moja Kiboko alimwita.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba, Bi Fuko. Mimi si mkali kama wanavyonisema. Nimewawekea njia tatu za kulipa. Kuna njia ya Kobe, kuna njia ya Mchwa, na kuna njia isiyo na tabu. Uchaguzi ni wako."

Bi Fuko alichagua njia ya Kobe, kwa sababu Kobe alikuwa mwaminifu. Akamfungia mtama kwenye kifurushi, akamtwika mgongoni mapema kabisa, mwezi wa zamani ungali mnene. Kobe akaondoka. Kokoto, kokoto, kokoto. Akapumzika. Kokoto, kokoto. Akasalimia watu. Alipofika kwa Kiboko, mwezi mpya ulikuwa umeshaandama na kunenepa.

Kiboko akamfungia Bi Fuko maji. Akaongeza na faini.

"Bwana, mimi nilituma mapema," alisema Bi Fuko.

"Kutuma ni kazi yako. Mimi nahesabu kufika. Na njia ya Kobe umeichagua mwenyewe."

Watoto walikaa bila maji hadi midomo ikapasuka. Mama yao aliwalambisha umande wa majani asubuhi, akawa anawaimbia ili wasimwone anavyolia. Akalipa bili, akalipa faini, na mtama ukashuka ghalani. Jioni akapapasa. Kibuyu kipo.

Mwezi uliofuata alichagua njia ya Mchwa. Njia hiyo ilisifiwa sana na vijana. Unaweka mtama kwenye tundu la kichuguu, unanong'ona neno lako la siri, na Mchwa wanaubeba chini kwa chini hadi kwa Kiboko kabla hujafunga mdomo. Neno la siri la Bi Fuko lilikuwa jina la marehemu mumewe. Aliweka mtama. Shuu, ukamezwa. Akanong'ona jina.

Sauti ikatoka kichuguuni: "Hatujasikia vizuri. Rudia."

Akarudia, mdomo umegusa tundu.

"Neno si sahihi. Rudia."

Akalitaja tena lile jina, safari hii kwa sauti, mchana kweupe, watu wakipita. Hakuwa amelitaja hivyo tangu siku ya maziko.

"Umekosea mara nyingi. Tundu limefungwa. Njoo mwezi ujao."

"Na mtama wangu?"

"Unashughulikiwa."

Mtama ukashughulikiwa huko huko hadi leo. Kiboko alisema hakupokea hata punje, akafunga maji, akaongeza faini. "Tena umechagua mwenyewe," akasema. Mtoto mdogo wa Bi Fuko akaacha kulia, na mama yake alijua kwamba mtoto akiacha kulia kwa kiu ameanza kuchoka kuishi. Basi akakimbia kwa Kiboko, akapiga magoti.

"Ile njia isiyo na tabu, Bwana, ndiyo ipi?"

Kiboko akatabasamu, na mdomo wake ulikuwa mpana. "Hiyo haikutaki ufanye chochote. Acha mlango wa ghala wazi. Mwezi ukiandama naja mwenyewe, nachukua changu, wewe umelala zako."

Bi Fuko akakubali, maji yakafunguliwa, watoto wakanywa. Mwezi ukaandama. Tifu, tifu, tifu, Kiboko akaja, akachukua, akaenda. Mwezi ukaandama. Tifu, tifu, tifu, akachukua zaidi. Bi Fuko hakuambiwa ni kiasi gani wala cha nini. Alisikia tu ardhi ikitetemeka, akavuta watoto karibu.

Mwezi wa tatu mtama haukutosha. Asubuhi Bi Fuko akaingia ghalani, akapapasa. Papasa, papasa. Akapapasa ukuta, akapapasa sakafu, akapapasa tena pale pale alipokwisha kupapasa. Kibuyu hakipo.

Alienda kwa Kiboko akiwa hata hajanawa uso. "Bwana, ile ilikuwa mbegu. Nirudishie, halafu nataka kujitoa kwenye njia hii."

"Nilichukua kilichomo. Sichungulii ni mbegu ama ni nini, mimi nazoa tu. Na kujitoa ni rahisi mno, Bi Fuko. Njoo siku ambayo sipo, unikute, tuzungumze."

Bi Fuko akarudi nyumbani, akakaa kwenye sakafu ya ghala tupu. Alitamani kufa, na angekufa, ila watoto walikuwa wanataka uji. Akakaa hapo, maneno ya Kiboko yakimzunguka kichwani. *Sichungulii. Nazoa tu.* Akayageuza upande huu, akayageuza upande ule. Kisha akaweka kucha zake kwenye udongo.

Kwaru, kwaru, kwaru. Akachimba chini ya ghala lake. Kwaru, kwaru, kwaru. Akapita chini ya njia inayolipiwa bili, akapita chini ya kivuli kinacholipiwa bili, akatokea ndani ya ghala la Kiboko.

Kibuyu chake kilikuwa kwenye kona. Akakitikisa. Kilikuwa chepesi. Kiboko alikwisha kutafuna mbegu, na chini zilibaki punje za kujaza kiganja kimoja cha fuko, nanyi mnajua kiganja cha fuko kilivyo. Bi Fuko akakikumbatia kibuyu, akalia humo gizani bila sauti. Alipomaliza kulia, akavuta mtama wa Kiboko shimoni hadi ghala lake likajaa. Mlango akauacha wazi, kama walivyokubaliana.

Mwezi ukaandama. Tifu, tifu, tifu. Kiboko akaona mtama umejaa, akazoa wote, akaubeba kwake, akaumwaga ghalani. Bi Fuko akauvuta tena chini. Mwezi ukaandama, Kiboko akaubeba tena. Kila mara aliuramba kidogo njiani, na kila mara watoto wa Bi Fuko walipikiwa uji kidogo, na Kiboko akawa anajilipa kwa mtama wake mwenyewe huku jasho likimtoka.

"Bi Fuko ndiye mteja wangu bora," akawaambia wanyama. "Nyinyi wengine mnanipotezea muda." Akaacha hata kwenda kwa wengine.

Lakini ghala lake halikujaa. Kila akimwaga, mtama ulipungua. Siku moja akaingia ndani kuhakikisha, akakanyaga sakafu kwa hasira, na sakafu ile chini yake palikuwa pamebaki ukoko tu wa udongo. Gubu! Akazama hadi kwapani, akabanwa, asiende juu asiende chini.

"Nani yuko huko chini?"

"Shikamoo, Bwana Kiboko. Ni mimi."

"Bi Fuko, mama yangu, nitoe."

"Nitakutoa, Bwana. Zipo njia tatu. Tunaweza kumtuma Kobe akawaite ndugu zako wa mto wa mbali. Au nong'ona na Mchwa, kama neno lako la siri unalikumbuka. Au nikutoe mimi mwenyewe, kila mwezi ukiandama, nachimba udongo kidogo, wewe umelala zako."

Kiboko akafikiria safari ya Kobe. Akafikiria Mchwa. "Hiyo isiyo na tabu," akasema.

Mwezi ukaandama, Bi Fuko akaja, kwaru, kwaru. Fuko huchimba akitokea chini, hana namna nyingine. Kiboko akashuka hadi shingoni.

"Mbona nashuka?"

"Unashughulikiwa."

Mwezi ukaandama, akashuka hadi masikioni. "Bi Fuko, nataka kujitoa."

"Njoo unione, Bwana. Njia umeichagua mwenyewe."

Mwezi wa tatu hapakuwa na wa kuuliza.

Wanyama wakaenda chemchemini, wakanywa bila bili. Walikunywa kwa furaha, kisha wakanywa kwa wasiwasi. Wakaanza kutazamana. "Sasa tunamlipa nani?" akauliza Swala. "Haiwezekani maji yawe ya bure, litatupata jambo," akasema Ngiri. Hata Kobe alikuwa amesimama na kifurushi mgongoni, hajui akipeleke wapi.

Bi Fuko akawaambia, "Jamani, maji hayakuwa yake. Aliyakalia tu." Wakamwonea huruma, mjane wa watu, dhiki imemchanganya. Wakamwita Mamba.

Mamba akaja, akakaa juu ya chemchemi, akawatazama kwa upole. "Mimi si kama marehemu," akasema. "Mimi nitawapa njia nne."

Wakashangilia hadi majani yakatikisika.

Bi Fuko akarudi nyumbani peke yake. Nyuma ya ghala, zile punje za kiganja kimoja alikuwa amezipanda, na miche yake ilikuwa imefika urefu wa kidole. Akaketi kando yake, akaipapasa mmoja mmoja, akalia kwa mara nyingine. Kisha akaingia ghalani, akaweka kucha zake kwenye udongo.

Kwaru, kwaru, kwaru.

Fundisho la ngano hii, wanangu, ni kwamba bili zilipwe kwa wakati, kila mtu achague njia inayomfaa, na wenye chemchemi tusiwashuku, wanatutakia mema.

Ngano imeshiba.
*Na itoke.*
Imetoka.
*Na tukalale.*
Laleni. Ila mlango wa ghala mkaukomee kwanza.